Kansa adimu ikifika kwa ini: venye utajua kama inaweza kukatwa

Ukiambiwa kansa ya mtu wenu imefika kwa ini, kitu cha kwanza watu wa nyumbani hufanya ni kulia na cha pili ni kufungua grupu ya WhatsApp ya harambee. Sikukatazi hata moja, lakini kuna swali linafaa kuulizwa kabla shilingi ya kwanza haijaingia kwa paybill: hii ni kansa gani, na nani ameangalia picha za ini akasema haiwezi kukatwa? Juu saa zingine anayesema "imefika kwa ini, pelekeni nyumbani" ni daktari mzuri tu, mpole kabisa, lakini hajawahi kupasua ini na hajawahi kuona hio aina ya kansa.

Mimi si daktari. Nimemsindikiza shangazi yangu, dadake baba, kwa hii njia hapa Nairobi, yake ilianzia utumbo mwembamba, na tangu hapo watu wa estate na wa kanisa hunitumia ripoti zao kwa simu wakiuliza sasa tufanye nini. So hapa naandika venye huwa nawaambia. Dawa na dozi muulize daktari wako.

Kwanza tenganisha vitu viwili

Kansa iliyoanzia kwa ini ni moja, na kansa iliyotoka kwingine ikaja kukaa kwa ini ni ingine kabisa, hata ikiwa ndani ya ini bado inaitwa kwa jina la kule ilitoka na inatibiwa kama ya kule. Nyingi zinazokuja kwa ini hutoka kwa utumbo mpana, matiti, kongosho, tumbo, mapafu. Lakini kuna zile adimu: kansa ya nyuroendokrini, ambayo huanzia kwa seli zinazotengeneza homoni, sana sana kwa utumbo ama kongosho, GIST, uvimbe unaoanzia kwa ukuta wa tumbo ama utumbo, sakoma, ambayo huanzia kwa misuli, mafuta ama mifupa, ile ya tezi iliyo juu ya figo, na melanoma ya ndani ya jicho, kansa ya seli za rangi. Hizi ndio zinachanganya watu, juu baadhi yao hutembea polepole sana na mtu anaweza kuishi nazo miaka, na upasuaji wa ini unaweza kumpa miaka zaidi hata kama ziko sehemu kadhaa. Zingine ni kali na kisu hakisaidii. Huwezi kujua uko upande gani kabla ujue jina.

Na si kila doa kwa ini ni kansa, hii nasema haraka tu. Kuna hemangioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio na shida. Kuna usaha wa amiba. Kuna kile kivimbe cha maji kinacholetwa na minyoo ya mbwa, ugonjwa unaojulikana sana kule Turkana, ambacho ukidunga sindano ovyo kinaweza kupasuka na kuleta mzio mbaya. Ndio maana daktari makini hutaka picha nzuri kwanza, sindano baadaye.

Tafuta jina kamili, si nusu jina

Ripoti ya biopsi, kile kinyama kidogo kilichotolewa kupimwa, ikisema "kansa, chanzo hakijulikani" ama inataja tu adenokasinoma, yaani kansa ya seli za tezi, bila maelezo zaidi, na picha haziendani na hio hadithi, uliza kama walifanya imunohistokemia. Ni rangi maalum maabara hupaka kwa kile kinyama kuonyesha seli zinatoka wapi. Kwa nyuroendokrini hutafuta kromogranini na sinaptofizini, kwa GIST hutafuta CD117 na DOG1. Kipimo hiki kinaongeza bei na saa zingine maabara hungoja uambiwe ulipe ndio waendelee, na hakuna mtu anakupigia simu, so pigia wewe.

Kama ni nyuroendokrini, kuna namba moja lazima iwe kwa ripoti: Ki-67. Inaonyesha asilimia ya seli zinazogawanyika. Chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 mpaka 20 ni la pili, juu ya 20 ni la tatu. Ripoti isiyo na Ki-67 irudishe, sema tu daktari wa upasuaji anaitaka. Wa daraja la 1 na la 2 ndio mara nyingi huongelewa mambo ya kukata ini, na wa daraja la 3 kawaida huanzia kwa dawa.

Kingine ambacho watu hawajui: kile kinyama hakitupwi, kinahifadhiwa ndani ya kipande kidogo cha nta na maabara wanakaa nacho. Ukitaka maoni ya pili hauhitaji kudungwa tena, unaenda na barua ya daktari unaomba hio nta na vile vioo vilivyopakwa kinyama, unasaini, unapeleka maabara ingine. Hapa Nairobi anayebeba ni wewe mwenyewe kwa mkoba, ndani ya matatu, kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Usiache kwa dashibodi ya gari juani, nta ni nta.

Vipimo vya homoni, na vita vya nyanya

Nyuroendokrini zingine hutoa serotonini na vitu vingine kwa damu. Kansa ikiwa bado kwa utumbo, ini husafisha hizo homoni. Kansa ikishafika kwa ini, homoni zinapita moja kwa moja kwa damu, na hapo ndipo dalili zinaanza: kuhara kusikoisha, joto linalopanda uso na kifua ghafla, kifua kubana. Kwa ngozi yetu nyeusi huoni ule wekundu wa kwa vitabu, mtu anasikia tu uso unawaka, so anaambiwa ni menopozi, ama ni ulcers, ama ni amiba, na anakula flagyl miezi. Shangazi alikuwa na kabati nzima.

Kipimo kimoja ni cha mkojo wa saa 24, unapewa mtungi na unakusanya kila tone. Siku 3 hivi kabla na wakati wa kukusanya haufai kula ndizi, parachichi, nanasi, nyanya, biringanya na vingine watakuandikia, juu vinapandisha majibu. Sasa mwambie Mkenya asiweke nyanya kwa mboga! Shangazi alichemshiwa sukuma na chumvi na alinuna hio wiki yote, akaniuliza kama ugonjwa ndio unamuua ama ni mimi. Fuata tu, la sivyo unarudia kipimo kwa pesa yako.

Kile cha damu, kromogranini A, hupandishwa na omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, na ndugu zake. Na nusu ya Nairobi inameza omeprazole. Mwambie daktari kabla, atakuambia kama uache kwa muda ama utumie ingine.

Picha: usikubali ripoti ya karatasi peke yake

Daktari wa upasuaji hasomi karatasi, anataka kuona picha mwenyewe, so kila skani uliyofanya omba CD ama iwekwe kwa flash, na jaribu kama inafunguka kabla utoke hapo kaunta. Kwa ini wanataka CT yenye dawa ya kudungwa kwa mshipa, inayopigwa kwa awamu tofauti, juu madoa mengine huonekana tu sekunde chache dawa ikipita kwa ateri alafu yanapotea. CT bila dawa kwa hii kazi ni pesa imemwagwa, isipokuwa figo haziruhusu, ndio maana wanapima damu ya figo kwanza. MRI ya ini huona vidogo zaidi.

PET, skani ya mwili mzima inayotumia dawa yenye mnururisho, iko Nairobi siku hizi, Aga Khan pale Parklands na pia Kenyatta University Hospital, ile KUTRRH ya upande wa Kahawa. Lakini PET si moja. Ile ya kawaida hutumia sukari yenye mnururisho, na nyuroendokrini inayotembea polepole haili sukari sana, inaweza kukosa kuonekana na mkafurahia bure. Hio inahitaji dawa ya gallium inayoitwa DOTATATE. So kabla ulipe, uliza: dawa gani mtatumia, na ni hio daktari ameandika? Kama hawana, uliza wataipata lini.

Nani anafaa kuamua

Hapa ndio nakaza sana. Swali la "inaweza kukatwa?" linajibiwa na daktari wa upasuaji wa ini, nyongo na kongosho, si daktari wa upasuaji yeyote, na si onkolojisti, daktari wa dawa za kansa, peke yake. Hawa wataalamu si wengi, lakini Nairobi wapo. Uliza kwa hospitali kubwa, Kenyatta, KUTRRH, Aga Khan na zingine za kibinafsi, na uliza swali moja bila kuona haya: kesi za ini zinajadiliwa kwa kikao cha madaktari wa kansa? Hicho kikao hukutanisha daktari wa upasuaji, wa dawa za kansa, wa picha, na wa patholojia anayesoma vinyama. Omba kesi ya mtu wako ipelekwe hapo, na uliza siku gani wanakaa ndio ujue lini kufuata majibu. Mgonjwa haingii, faili yake ndio inaingia. Faili ikiwa haina Ki-67 ama CD haifunguki, inasukumwa hadi kikao kingine.

Ukimpata daktari, uliza hivi: Mnaweza kutoa yote, ama kiasi gani? Litabaki ini ngapi? Lengo ni kuponya, kuongeza miaka, ama kupunguza dalili? Wewe mwenyewe ini umekata mangapi mwaka huu? Hio ya mwisho watu huogopa, wanaona ni kumkosea daktari heshima. Uliza kwa upole, "samahani daktari, naomba nijue uzoefu wako," anayejiamini hujibu bila kukasirika.

Hesabu ya ini

Watu huhesabu madoa: "yako 7, hakuna kitu." Daktari wa ini anahesabu kinyume, anaangalia kitakachobaki. Ini limegawanyika sehemu 8, na kila sehemu iko na mshipa wake wa kuingiza damu na njia yake ya nyongo, kama ploti ambayo kila nyumba iko na mita yake, so unaweza kufunga moja bila kuzima zingine. Na ini hukua tena. Kwa mtu mwenye ini zima lenye afya, ikibaki kama asilimia 20 mpaka 25 inatosha. Kama amekula kemo kwa muda wanataka kama 30. Kama ini lina makovu wanataka kama 40 ama wanakataa kabisa. Ndio maana madoa 10 yaliyojazana upande mmoja yanaweza kuwa rahisi kuliko 3 yaliyokaa vibaya pale mishipa mikubwa inapokutania.

Kinachobaki kikiwa kidogo, kuna ujanja. Wanaweza kuziba mshipa mkubwa unaolisha ule upande mbaya, damu inahamia upande mzuri, na kwa wiki 4 mpaka 6 hivi huo upande unanenepa, alafu ndio wanakata. Ama wanakata kwa awamu mbili: mara ya kwanza wanasafisha upande mmoja, wanafunga, ini linakua, wanarudi. Ama wanakata makubwa na madogo wanayachoma kwa sindano ya joto, ambayo inafanya kazi vizuri kwa uvimbe wa chini ya sentimita 3. Kama kukata hakuwezekani, wanaweza kuziba ateri inayolisha uvimbe, juu uvimbe hunywa zaidi kutoka kwa ateri na ini lenyewe hunywa zaidi kutoka kwa ule mshipa mwingine wa kutoka utumboni. So jibu la "hatuwezi kukata yote leo" si sawa na "hatuwezi kufanya kitu."

Vitu vinavyofunga mlango: ini lote limejaa hakuna sehemu nzima ya kubakisha, kansa imesambaa sana nje ya ini na haitulii, ini limechoka (macho manjano ambayo si ya njia ya nyongo iliyoziba inayoweza kufunguliwa, maji tumboni), ama moyo hauwezi kubeba upasuaji.

Kila kansa na mambo yake

Nyuroendokrini ndio kisu kinapewa nafasi kubwa. Hata kama hawawezi kutoa yote, kupunguza sehemu kubwa, wengine husema asilimia 90, siku hizi wengine wanakubali hata 70, kunaweza kutuliza dalili na kuongeza muda. Lakini usidanganyike eti imeisha. Mayo Clinic ya Marekani walitoa ripoti 2003 ya wagonjwa 170 waliokatwa ini kwa hii kansa: asilimia 61 walikuwa hai baada ya miaka 5, na ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 84. Soma hizo namba mbili pamoja. Watu wanaishi, na inarudi, na ikirudi inatibiwa tena. Steve Jobs ndio mfano watu wanajua: aligunduliwa na ya kongosho 2003, akapasuliwa 2004, akabadilishiwa ini 2009, akafariki 2011.

GIST ni hadithi tofauti, hapo tembe ndio inaongoza. Imatinib iliidhinishwa Marekani kwa GIST 2002 na ilibadilisha kila kitu. Mtu anaanza tembe kwanza, ikijibu na kilichobaki kwa ini kinaweza kutolewa chote, ndio mazungumzo ya kukata yanakuja. Na baada ya kukatwa anaendelea na tembe, hii naomba uisikie vizuri, juu watu wanaona tumbo limeshonwa wanaacha dawa ndio waokoe pesa, na inarudi mbio.

Melanoma ya jicho ikisambaa, ini ndio inalengwa karibu kila mara, kama asilimia 90, na inaweza kungoja hata zaidi ya miaka 10. Kama mzee alitolewa jicho zamani, mwambie daktari hata kama hajauliza. Kukata husaidia wachache, wale wenye madoa machache na wamekaa muda mrefu kabla yaonekane. Sakoma na ya tezi ya juu ya figo pia ni hivyo: madoa machache, muda mrefu tangu uvimbe wa kwanza, hakuna kitu kwingine, hapo daktari anaweza kufikiria kisu.

Kujiandaa

Mgonjwa wa nyuroendokrini mwenye dalili za homoni lazima daktari wa usingizi ajue mapema. Ukigusa uvimbe thieta, homoni zinaweza kumwagika kwa damu na presha ianguke ama ipande vibaya, so wanaandaa oktreotaidi, dawa ya kuzuia hizo homoni, kabla na wakati wa upasuaji. Pia anafaa kufanyiwa eko ya moyo, juu serotonini ya miaka mingi huharibu vali za upande wa kulia. Na usishangae wakisema watatoa pia mfuko wa nyongo: oktreotaidi ya sindano ya kila mwezi, ambayo wengi huwekwa, huleta mawe ya nyongo.

Mitishamba simamisha yote, na umwambie daktari jina ama umletee chupa. Najua shosho ameileta kutoka ushago kwa upendo, lakini zingine zinachoma ini na zingine zinafanya damu isigande. Pombe na sigara vivyo hivyo. Mtu ale, atembee, apimwe hepatitis B kama bado. Tafuta watu wa kutoa damu wiki moja mbele, si asubuhi ya upasuaji.

Pesa: SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kansa ina kifurushi chake chenye kiwango cha mwaka kwa familia, upasuaji nao una chake. Viwango vimekuwa vikibadilika, so nenda ofisi ya SHA ya hospitali na uulize vitu vitatu: nimebakisha ngapi, upasuaji huu uko kwa kifurushi gani, na idhini ya mapema imeombwa na nani. Omba makadirio yaliyoandikwa yenye HDU (wadi ya uangalizi wa karibu) ama ICU ndani, juu bili nyingi hupasukia hapo. Faraja Cancer Support pale Parklands watakusikiliza, nenda hata kama ni kuongea tu. Wa kwenda India, peleka faili lote kwanza usikie wanasema nini kabla ukate tiketi.

Akitoka thieta

Ataamkia HDU ama ICU akiwa na mirija mingi, usiogope. Watamkalisha kesho yake na kumtembeza, hata akilia mwache atembee, na apumue kwa nguvu ndio kifua kisijae. Wewe angalia hivi: macho kugeuka manjano, kuchanganyikiwa ama kulala kupita kiasi, homa, tumbo kujaa, ule mrija kutoa kitu cha kijani ama damu. Hio ya kijani ni nyongo inavuja, mara nyingi inatulia yenyewe ama kwa mrija, lakini nesi aambiwe saa hio hio. Paracetamol asijipee mwenyewe nyumbani, aulize kiasi gani, ini bado linakua.

Asibebe mtungi wa maji ama mtoto kwa wiki 6 hivi. Uchovu utakaa kuliko kidonda, na hapo familia huanza kusema anajidekeza.

Kabla mtoke wadi, omba vitu vinne mkononi: ripoti ya upasuaji, ripoti ya patholojia ya kile kilichotolewa (itachukua siku, uliza lini na uchukue kwa nani), CD mpya ya picha ikipigwa, na tarehe ya kliniki. Skani za kufuatilia mwanzoni huwa kila miezi 3 mpaka 6, na zifanywe mashine ya aina ile ile, ikiwezekana mahali pale pale, ndio daktari aweke ya zamani na mpya kando kwa kando. Zote ziweke kwa faili moja la plastiki na upige picha kila karatasi, juu kliniki ikifika na daktari awe mwingine, atakuuliza Ki-67 ilikuwa ngapi.